Pampu za maji za magari mapya kuvuja mapema: lawama ni za kiwanda, za kulanti au za mafundi wetu?

#1 Mpanda Kitonga

Wakuu, salaam.

Nina gari la Ulaya la mwaka 2016, silinda nne, turbo, lililotumika Japani kabla ya kuja kwetu. Jina la kampuni nalihifadhi ili uzi usigeuke Simba na Yanga. Dashibodi inasoma kilomita themanini na kitu elfu.

Kwa miezi kadhaa kulanti, ile dawa ya maji ya kupooza injini, imekuwa ikishuka. Si kwa fujo, ni kidogo kidogo, mpaka unajishuku mwenyewe kama uliangalia vizuri mara ya mwisho. Chini ya gari pakavu. Moshi mweupe hakuna, oili safi. Majuzi napandisha mlima Kitonga, nyuma nina mama na watoto, mbele malori mawili yanatambaa, taa ya kulanti ikawaka. Nikatafuta pa kusimama, nikasubiri ipoe, nikaongeza maji, nikafika Iringa mjini. Fundi akasema pampu ya maji imekwisha, na haiuzwi peke yake, inauzwa na nyumba yake nzima pamoja na themostati, kile kidhibiti joto. Bei aliyotaja nimemwomba airudie mara mbili.

Marehemu baba alikuwa na Corolla ya miaka ya tisini. Aliiuza bila kujua pampu ya maji imekaa upande gani.

Sasa nauliza: hizi za kisasa zinakufa mapema kwa sababu gani? Kiwanda, maji tunayoweka, au mafundi?

#2 Nyanya Chungu

Nimeweka kiti. Wajuzi karibuni.

#3 Mtoto wa Gerezani

Umeficha jina halafu umetaja Ulaya, turbo, silinda nne, 2016, pampu na themostati nyumba moja. Umebakiza namba ya chasisi tu mkuu 😂

#4 Spana Kumi na Mbili

Pole kwa safari mkuu. Mimi ni fundi, nipo Ilala. Magari ya aina hiyo tunayapokea sana na hadithi ni hiyo hiyo: chupa ya kulanti inashuka, chini pakavu.

Nianze na hilo la chini pakavu. Ndani ya pampu kuna shafti, beringi na sili inayozuia kulanti isitoke. Sili ni nyuso mbili zinazozunguka zimegusana, moja ya kaboni na nyingine ngumu zaidi, na katikati yake unapita utando mwembamba wa kulanti ambao ndio mafuta yake. Kwa hiyo hata pampu nzima hupoteza unyevu kidogo, na ndiyo maana chini ya shafti kuna kitundu cha kutolea. Tone likitoka pale linakutana na injini ya moto, linakauka, linaacha ukoko wa rangi ya kulanti: waridi, buluu au zambarau. Lile linalobaki linapokelewa na kinga ya plastiki ya chini. Utaona nini sakafuni?

Ukoko mwembamba usikutishe. Ukiwa mnene, au ukigusa ukakuta bichi, pampu inaaga.

Kuhusu chanzo, mimi nasema plastiki. Zamani nyumba ya pampu ilikuwa alumini au chuma cha kumimina. Sasa ni plastiki imefungwa kwenye alumini. Kila siku inapashwa moto, inapoa, inapinda kidogo, raba ya kuzibia inabaki na mwanya. Mara nyingi nikiitoa nakuta pampu yenyewe inazunguka vizuri kabisa, kilichovuja ni maungio.

#5 Mzee wa 5L

Vijana mnapenda kujitesa. Injini ya 5L ya Hiace, 1HZ ya Land Cruiser, pampu ya chuma. Ukisikia beringi inalia unanunua nyingine Kariakoo, unafunga mwenyewe chini ya mwembe, abiria wanakusubiri. Hayo madude yenu hata kutoa upepo kwenye maji ya injini mpaka mwite kompyuta.

#6 Kijana wa Grogan

Mzee wa 5L, heshima zako, lakini hizo pia huvuja. Ni vile tu hakuna taa ya kukuambia, unajua habari ikishachemsha.

Niko Nairobi, nauza spea Kirinyaga Road, tunayoiita Grogan. Kwetu sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo sisi hukutana na hizi nyumba za plastiki mapema kuliko ninyi Bongo. Ninyi mnaendesha IST ya 2003 halafu mnashangaa kwa nini pampu haifi.

#7 Nyanya Chungu

IST yangu usiiguse tafadhali.

#8 Mbongo Ughaibuni

Nipo Ujerumani, kazi yangu ni gereji. Nitaje mambo yanayojulikana wazi, simhusishi mleta uzi na gari lake la siri.

Injini ya EA888 kizazi cha tatu ya kundi la Volkswagen, iliyoanza 2011 kwa 1.8, kisha 2.0, imo kwenye Golf GTI, Passat, Audi A4 na ndugu zao. Pampu yake haipo mbele kwenye mkanda wa kawaida. Iko chini ya manifoldi ya kuingiza hewa, inazungushwa na mkanda mdogo wa meno unaotoka kwenye shafti ya kusawazisha. Pampu na kidhibiti joto vimewekwa kwenye kifurushi kimoja cha plastiki. Marekani wamiliki walikwenda mahakamani kwa pamoja kuhusu pampu hizi, kampuni ikakubali maridhiano. Kwenye 1.4 ya EA211 mpangilio unafanana, ila mkanda unatoka kwenye kemshafti, upande wa gia boksi. Kwa hiyo ukiona alama za kulanti juu ya gia boksi usiilaumu gia boksi.

BMW wakaenda njia nyingine. Kuanzia injini ya N52, katikati ya miaka ya 2000, injini zao nyingi zilipewa pampu ya umeme. Haina mkanda, kompyuta inaiambia izunguke kwa kasi gani. Ikifa hakuna tone wala kelele. Ni ujumbe wa njano kwenye dashibodi, halafu mwekundu, halafu uko pembeni ya barabara.

#9 Shangazi wa Tabata

Samahani naingilia. Hiyo ya umeme ndiyo inayovuma baada ya kuzima gari? Mimi nina Aqua, ile ya petroli na umeme (hibridi), mdogo wangu ana gari la turbo. La kwake akilizima usiku linaendelea kuunguruma kwa mbele kama dakika hivi. Mlinzi anaogopa kulisogelea.

#10 Mbongo Ughaibuni

Shangazi #9, mwambie mlinzi atulie. Turbo ikizimwa ghafla bado ina moto mkali, kwa hiyo magari mengi yana pampu ndogo ya umeme inayoendelea kuzungusha kulanti, wakati mwingine pamoja na feni. Ni afya hiyo. Wasiwasi uje siku ikinyamaza.

Aqua yako nayo pampu ya injini ni ya umeme. Prius ya kizazi cha tatu, ile ya 2009 kuendelea, injini yake haina mkanda hata mmoja mbele.

#11 Mkemia Mstaafu

Nimesoma #4 kwa makini. Plastiki ina sehemu yake lakini fundi ametaja matokeo, hajataja kinachoila. Nyingi ya nyumba hizo ni nailoni iliyochanganywa nyuzi za kioo. Nailoni ikikaa kwenye maji na glikoli (kimiminika kikuu cha kulanti) ya moto kwa miaka, maji yanakata minyororo yake kidogo kidogo mpaka inakuwa dhaifu. Inategemea joto na inategemea kilichomo ndani ya mfumo. Hapo ndipo kulanti inapoingia.

Watu wengi wanafikiri kulanti ni dawa ya barafu, na kwa kuwa Dar hakuna barafu, bomba linatosha. Glikoli inapandisha kiwango cha kuchemka, sawa, lakini kwetu kilicho muhimu ni vizuia kutu vinavyokuja nayo. Wajapani walikwepa silikati kwa kuhofia sili za pampu, wakatumia fosfeti. Wazungu walikwepa fosfeti kwa sababu maji yao yana chokaa, na fosfeti ikikutana na chokaa inatengeneza magamba, kwa hiyo wengi wao wakabaki na silikati kidogo. Sasa wewe chukua kulanti ya Kijapani, ongeza maji ya kisima cha Dodoma. Yale magamba yanaelea, yanapita katikati ya zile nyuso mbili za sili alizozieleza Spana. Pampu itadumu vipi?

#12 Mtoto wa Gerezani

Kwa hiyo Dodoma wakahamie wapi wakuu.

#13 Kijana wa Grogan

Mkemia, nakubali kwa nusu. Nina wateja waliofuata kitabu, kulanti sahihi, maji ya betri, hawajawahi kuongeza ya bomba tangu gari ishuke Mombasa. Na bado ile nyumba ilivuja. Mwenye kuweka maji ya bomba rejeta yake ndiyo huoza kwanza. Hizi za plastiki huvuja kwa wote, msafi na mchafu.

#14 Mkemia Mstaafu

#13, "tangu gari ishuke Mombasa" ndiyo sentensi yenyewe. Kabla ya hapo liliwekwa nini, na nani? Kulanti ya waridi ya Toyota, kwa mfano, inapewa kilomita 160,000 kwa mara ya kwanza, kisha kila 80,000. Tayari imechanganywa na maji nusu kwa nusu, haitakiwi kuongezwa kitu. Ile nyekundu ya zamani ilikuwa ya kubadilisha kila kilomita 40,000 au miaka miwili. Madukani kwetu utakuta dumu la rangi ya waridi lisilo na maelezo yoyote, muuzaji anakuambia "hii ni ya Toyota". Rangi si kipimo. Rangi anaweka yeyote.

#15 Abuu wa Muscat

Assalamu alaykum. Nipo Oman, asili yangu Pemba.

Mnaongelea joto, basi njooni huku mwezi wa sita. Nyuzi 45 na zaidi, AC haizimwi, na bado naona magari yanayofika kilomita nyingi pampu haijaguswa. Magari mengi ya soko la Ghuba huja na mfumo mkubwa zaidi wa kupooza injini. Nyumbani mnaletewa gari lililotengenezwa kwa ajili ya baridi ya Hokkaido, Japani, halafu mnalipandisha Kitonga limejaa watu na magunia. Hilo mbona hamlisemi?

#16 Mpanda Kitonga

Magunia sikubeba sheikh 😀 Ila mama hasafiri bila mchele.

#17 Mbongo Ughaibuni

Abuu #15, joto la nje ni sehemu ndogo. Tazama joto la ndani. Injini za zamani themostati ilifunguka nyuzi 80 na kitu na gari likakaa hapo hapo. Za sasa, ukiendesha taratibu kompyuta inaiacha injini ifike hata nyuzi 105, kwenye BMW kadhaa ni hivyo, ili oili iwe nyepesi, msuguano upungue, mafuta yaliwe kidogo na moshi uwe safi zaidi. Ukikanyaga mafuta inafungua na kushusha. Sheria za moshi za Ulaya ndizo zilizotufikisha huku. Kila raba, kila kiungo cha plastiki, kinaishi nyuzi ishirini juu ya alivyoishi babu yake.

#18 Spana Kumi na Mbili

Hapo ndipo nilipokuwa naelekea. Mkemia anasema kulanti, mimi nasema plastiki, #17 anasema joto. Lakini kuna jambo hamjaligusa na linanihusu mimi na wenzangu.

Mteja analeta gari linachemsha. Fundi wa kwanza anatoa themostati, anasema "nchi yetu ya joto hii haina kazi". Kuna injini ambazo themostati ikiwa wazi inafunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, ile njia inabaki wazi, maji yanazunguka bila kupita kwenye rejeta. Gari linazidi kuchemsha. Fundi wa pili anaweka unga wa kuziba. Fundi wa tatu anafungua pampu, anapaka silikoni nyingi mpaka inaingia ndani, nyuzi zake zinakwenda kuziba rejeta. Gari linafika kwangu lina magonjwa manne na mwenye gari anasema "hawa Wazungu hawajui kutengeneza magari".

#19 Mzee wa 5L

Unga? Sisi tulikuwa tunaweka yai. Au binzari. Rejeta inaziba na unafika Mbeya.

#20 Shangazi wa Tabata

Mzee, hiyo ni rejeta au rosti?

#21 Mtoto wa Gerezani

😂😂 #20 umemaliza uzi.

#22 Kijana wa Grogan

Kuna mambo mawili mmeyaacha. La kwanza mkanda. Gari ambalo mkanda wake hukazwa kwa mkono, fundi akisikia unapiga kelele anakaza hadi unalia kama gitaa. Beringi ya pampu inavutwa upande mmoja siku nzima, ikilegea kidogo sili inafungua. Halafu mteja anarudi kwangu na pampu mkononi, "umeniuzia feki".

La pili ni feki yenyewe. Zipo, na boksi ni zuri kuliko la halali. Mimi hutazama feni ya ndani na jinsi ukingo ulivyomiminwa, halafu nazungusha kwa mkono. Ikikwaruza naiacha. Lakini nisiwadanganye, kuna feki ambazo huwezi kuzijua mpaka zifungwe.

#23 Nyanya Chungu

Na zile za kutolewa kwenye injini zilizokatwa Japani? Nimeambiwa bora hizo kuliko mpya za Kariakoo.

#24 Spana Kumi na Mbili

#23, hapo tunagombana kila siku gerejini. Pampu iliyotolewa kwenye injini na kukaa kavu kwenye kontena, sili yake imekauka na nyuso zimeshikana. Ukiifunga inaweza kukaa sana au ikavuja siku ya kwanza. Kwa alumini naweza kujaribu. Kwa plastiki iliyokwisha kupinda kwenye injini nyingine, hapana.

#25 Kijana wa Grogan

Sikubaliani. Nimeuza nyingi za ex-Japan, kurudi huwa ni chache kuliko mpya za bei ya chini.

#26 Mkemia Mstaafu

Hilo la kukaa kavu linaweza pia kuwa ndiyo sababu ya mleta uzi. Gari la mtumba linakaa yadi Japani, linakaa melini, linakaa bandarini, linakaa kwa dalali. Miezi kadhaa pampu haizunguki. Kulanti iliyozeeka inatulia mahali pamoja.

Na kuna swali ambalo kwa adabu hakuna aliyeuliza: hizo kilomita themanini elfu za dashibodi zimetoka wapi?

#27 Mtoto wa Gerezani

Nilikuwa nasubiri nani atalisema. Ndiyo maana kuna wanaodai karatasi ya mnada wa Japani yenye kilomita za gari.

#28 Mpanda Kitonga

Karatasi ninayo, na namba zinaelekeana. Lakini hata tukiacha kilomita, gari la 2016 raba zake zina umri. Huenda neno "mapema" lenyewe linatupotosha. Pampu haijui kilomita peke yake.

#29 Binti wa Houston

Nimefurahi kukuta uzi huu. Wazungu wa Ulaya wametajwa sana, niwape za Marekani. Ford yenye V6 ya lita 3.5, kama Edge na Explorer za injini iliyokaa kwa upana wa gari, pampu ya maji imewekwa ndani kabisa ya injini, inazungushwa na taimingi cheni. Ina kitundu cha kutolea nje kama alivyosema Spana #4, ila kimejificha nyuma ya jenereta. Sili ya pili ikishindwa, kulanti inaingia moja kwa moja kwenye oili. Mwenye gari haoni tone. Anaona oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa na beringi za krenki zimekwenda. Kubadilisha hiyo pampu ni kushusha mambo mengi sana, ujira unapita bei ya kifaa mara nyingi.

Kwa hiyo plastiki peke yake haitoshi kueleza. Wakati mwingine ni mahali walipoiweka.

#30 Mzee wa 5L

Ndani ya injini! Aliyechora hiyo alete leseni.

#31 Abuu wa Muscat

Na msiseme Mjapani hana dhambi. Novemba 2012 Toyota waliita magari milioni 2.77 duniani yarudi kurekebishwa. Mengi yalikuwa ya shafti ya usukani, lakini kati yake zilikuwemo Prius za kizazi cha pili zenye hitilafu ya pampu ya umeme ya maji, ile inayopooza mfumo wa hibridi. Basi umeme nao si kinga.

#32 Shangazi wa Tabata

Abuu usinitishe, Aqua yangu bado ina mkopo.

Nyongeza kidogo nje ya mada lakini si nje sana. Kulanti ni tamu na ni sumu. Jirani alimwaga ya zamani mtaroni, mbwa wake akailamba, hakufika kesho yake. Wenye watoto wadogo msiache beseni chini ya gari.

#33 Nyanya Chungu

Shukrani dada, hilo sikulijua.

#34 Mbongo Ughaibuni

Nimekumbuka kituko kimoja kinachomuunga mkono Mkemia. Baadhi ya Golf za kizazi cha saba na Octavia za wakati huo zimewekewa kifuko cha chembe za silika ndani ya chupa ya kulanti, nia ikiwa kuachia silikati taratibu na kulinda alumini. Kifuko kikichakaa kinapasuka, chembe zinasambaa, zinaziba kirejeta kidogo cha kupasha joto ndani ya gari. Huku baridi watu wanaganda upande mmoja wa gari ndipo wanagundua. Kwenu hakuna anayewasha hita, kwa hiyo hakuna atakayejua, huku vumbi la silika linapita kwenye sili ya pampu kila siku. Mpanda Kitonga, chukua tochi uangalie ndani ya chupa yako.

#35 Mpanda Kitonga

Nimetoka kuangalia. Kuna kitu cheupe kimelala chini. Sijui nicheke au nilie.

#36 Mtoto wa Gerezani

Haya sasa jina la kampuni limejitaja lenyewe.

#37 Spana Kumi na Mbili

Kabla hujanunua chochote mkuu, pima. Injini ikiwa baridi kabisa, funga pampu ya kupimia presha kwenye chupa, panda mpaka namba iliyoandikwa kwenye mfuniko, mara nyingi baa 1.1 au 1.4, kisha ondoka ukanywe chai. Ukirudi sindano ya geji imeshuka, kuna mahali panatoka. Tafuta kwa kioo na tochi. Ukitia rangi ya kung'aa kwenye kulanti na kumulika kwa taa ya zambarau utaona mpaka ufa wa unywele. Sindano haijashuka na bado kulanti inapungua ukiendesha, hapo nashuku hedi, yaani kichwa cha injini. Kuna maji ya buluu ya kupimia gesi kwenye chupa, yakigeuka njano gasketi ya hedi imeungua.

Na mfuniko wenyewe upimwe. Mfuniko mzima wa 1.1 unafanya hata maji matupu yachemke karibu nyuzi 122. Sipringi ikilegea yanachemka nyuzi 100, kulanti inatoka kama mvuke, unabadilisha pampu nzima kwa ajili ya kifuniko. Nairobi kwa mwinuko wao maji yaliyo wazi yanachemka mapema zaidi, kama 94.

Usifungue ikiwa ya moto. Nina mwenzangu gerejini, mkono wake mpaka leo una alama.

#38 Nyanya Chungu

Swali la kizembe. Maji yanayodondoka kwenye AC ya nyumbani yanafaa? Nayakinga kwenye ndoo.

#39 Mkemia Mstaafu

Hayana chumvi wala chokaa, kwa hilo yanayashinda ya kisima mbali sana. Lakini yamepita kwenye mapezi ya shaba na alumini na vumbi la mwaka mzima. Kwa dharura ndiyo. Kwa kuchanganyia kulanti ya gari unalolipenda, maji ya betri yanauzwa kila kituo cha mafuta.

#40 Mzee wa 5L

Nimeyatumia miaka, hakuna kilichotokea.

#41 Mkemia Mstaafu

Kwenye 5L hata supu isingetokea kitu.

#42 Kijana wa Grogan

😂 Huyo mzee anaheshimiwa huku Grogan pia.

Spana, swali moja la kikazi. Hizi nyumba za plastiki siku hizi zinakuja za alumini kutoka kwa watengenezaji wa pembeni. Wateja wanaziulizia. Wewe unafunga?

#43 Spana Kumi na Mbili

Nimefunga. Nyingine zimetulia, nyingine nyuso zake hazikuchongwa sawa, raba inakaa upande. Na ukizitazama, feni ya ndani bado ni plastiki. Zile feni nazo zina historia, kwenye injini za zamani za 1.8 turbo zilipasuka zikawa zinateleza kwenye shafti, gari linachemsha bila kuvuja hata tone. Sijaamua bado. Nani ana uzoefu wa alumini wa muda mrefu?

#44 Mbongo Ughaibuni

Huku nimeona watu wanazisifu kwenye magari ya mbio za wikendi. Hayo hayahesabiki, yanafunguliwa kila mara. Kiwandani wao wamerekebisha plastiki yenyewe na kubadilisha namba ya spea mara kadhaa. Ukinunua hakikisha namba ni ya toleo la mwisho, na mkanda wake mdogo ubadilishwe hapo hapo. Watu wanaurudisha wa zamani ili kuokoa hela ndogo.

#45 Mpanda Kitonga

Mrejesho. Tumepima kwa presha hapa Iringa. Sindano ilishuka taratibu. Fundi akamulika, kuna unyevu kwenye maungio ya nyumba, lakini kuna mwingine mdogo kwenye hozi ya kupooza oili ambao hakuuona mwanzo. Kwa hiyo sasa sijui ni kipi kilichonishusha Kitonga. Ameniazima kulanti sahihi, narudi Dar polepole usiku huu kukiwa na baridi. Kile kifuko cheupe kimetolewa, kilikuwa kimeanza kufunguka upande mmoja.

#46 Mkemia Mstaafu

Kifuko! Nilisema.

#47 Mbongo Ughaibuni

Mkemia, kifuko nimekitaja mimi.

#48 Abuu wa Muscat

Na hozi je? Hakuna aliyetaja hozi ukurasa mzima.

#49 Spana Kumi na Mbili

Mpanda Kitonga, zima AC ukipandisha, na macho yawe kwenye geji. Ukifika njoo Ilala. Kile kifuko usikitupe, kije kama kilivyo. Kuna mtu hapa anabisha kwamba havipo.

#50 Mpanda Kitonga

Asante sana mkuu. Jumamosi nina msiba Kibaha. Jumatatu asubuhi?

#51 Spana Kumi na Mbili

Jumatatu nipo. Gari lilale hapo, sitalifungua likiwa la moto.